Maji ya Tumbaku

Najua utasema niliota. Lakini nilikuwa nimesimama uani kwangu hapa Urambo, saa saba mchana, jua linawaka. Nani huota amesimama?

Mbwa wangu Bobi alikuwa amejaa kupe. Sisi wakulima wa tumbaku dawa ya kupe tunayo nyumbani: unaloweka majani, unamwogesha mbwa, basi. Baba alifanya hivyo, nami nikafanya. Haukupita muda Bobi akaanza kutokwa udenda, akatapika, miguu ikamtetemeka, akaanguka. Nikachanganyikiwa. Nikakimbilia maziwa, maana kwetu kila sumu dawa yake maziwa, nikampanua mdomo.

“Usimnyweshe! Atapaliwa.”

Nikageuka. Mama nisiyemjua, amejitanda kanga kichwani. Aliingiaje? Sikusikia hodi. Nikabaki kusema, “Shikamoo mama.” Akamtazama Bobi.

“Hiyo sumu inapita kwenye ngozi. Vaa glavu zako za shambani, umwoshe kwa sabuni na maji mengi. Asijilambe.”

Nikamwosha, huku nalia, sikufichi. Akaniambia nimlaze ubavu, nimfunue mdomo. “Ufizi umepauka. Mbwa mzima ufizi wake una rangi ya waridi. Weka mkono mbavuni, hesabu pumzi.” Nilihesabu, nikapotea, nikaanza upya.

“Sasa mpeleke kwa daktari wa mifugo. Safari hii usichelewe.”

Safari hii? “Kwani mama unanifahamu?”

“Yule wa mwaka jana ulimnywesha maziwa, mkiwa wawili tu hapa uani.”

Haki ya Mungu, hilo sikumwambia mtu. Popi, mama yake Bobi, alikufa palepale kwa maji yaleyale, na watu wote niliwaambia kagongwa na nyoka. Nilikuwa naona aibu. Huyu kajuaje? Kanga ikamteleza, nikaona sikio lake la kushoto limechanika katikati. Popi alichanwa sikio hilohilo na ngiri.

Nikampakia Bobi kwenye baiskeli. Kugeuka nimshukuru, hayupo.

Daktari alimwokoa. Jioni nikamuuliza jirani yangu Mama Kulwa, aliyeshinda kwenye bani lake akikausha tumbaku, na uani kwangu anaona kote: yule mwanamke ni nani?

“Mwanamke gani, baba? Mimi nilikuona unahangaika na mbwa wawili. Mmoja kalala, mwingine kakaa anakutazama.”

Sasa niambie wewe, niliongea na nani? Mimi jibu langu ninalo. Bobi yupo, ananenepa, na kila asubuhi namfunua mdomo nitazame ufizi, majirani wanacheka. Wacheke. Kupe wa mbwa wako muulize daktari, tumbaku iache bani, na mnyama anayetetemeka usimmiminie kitu mdomoni. Mimi nilipewa nafasi ya pili, tena na yule niliyemuua. Wewe usingoje wa kwako arudi kukufundisha.