Waliupiga Plasta Ukuta Wetu

Wenzangu mliokulia Kajiado wakati vumbi lilikuwa letu na magari yalikuwa ya kuhesabu, leo sikuja kuwachekesha sana. Nimekasirika. Tangu Jumamosi hata chai hainishuki vizuri.

Mnaikumbuka ile nyumba ya mawe ya wasioona, ile ndefu yenye mabati mekundu, nje kidogo ya mji? Mimi nimelelewa pale. Mama alikuwa mpishi, alitoka Ukambani na sufuria yake, na chumba chetu kilikuwa nyuma ya jiko. Asubuhi ilinuka moshi wa kuni na muthokoi, yale mahindi ya kukobolewa ya kwetu. Jioni mawe yalikuwa bado na joto la jua, tukiyaegemea tukitafuna mahindi ya kuchoma.

Mawe yenyewe yalichongwa na fundi kutoka machimbo ya Kitengela, na huyo fundi alikuwa na akili. Kwenye kila ukuta, usawa wa mkono, alichonga alama. Mistari miwili, unaelekea jikoni. Duara, bweni. Msalaba, kanisa. Chini yake akachonga safu nyingine ya alama hizo hizo, kwa sababu mtoto hafiki juu. Zilikuwa zimeguswa mpaka zikalainika kama sabuni.

Rafiki yangu alikuwa Naserian, haoni tangu kuzaliwa, baba yake mfugaji wa pande za Oltepesi. Wazee wa kwao wakija kutembea, sisi watoto tulipanga mstari tukainamisha vichwa watuguse, ndiyo salamu. Mimi nilichungulia nijue ni nani. Naserian akiguswa tu, anasema, "Huyu ni baba mdogo, wa kidole kilichovunjika." Wazee walicheka mpaka wakashika magoti. Tulicheza mpira wa kopo lililotiwa changarawe, sisi wenye macho tumefungwa vitambaa, na bado wenzetu wasioona walitufunga mabao hata tulipodanganya. Naserian ndiye alinifundisha kuzunguka nyumba nzima hivyo, kitambaa usoni, mkono ukutani. Nikikwama nalia, "Naserian, jikoni ni wapi?" Naye anajibu kwa mbali, "Soma ukuta, wewe!" Lakini mimi nikimvuta mkono eti namsaidia, Mama ananigombeza kutoka jikoni: "Wacha mwenzako! Amekuambia amepotea?"

Watoto wa siku hizi simu ikizima hata njia ya kwenda kwa shosho, bibi yao, hawaijui. Sisi tulijua nyumba kwa vidole.

Shirika la wasioona lililokuwa na nyumba ile lilihama zamani, liko Kitengela kwenye vyumba vya kupanga juu ya duka la mbao, na Naserian ni mwalimu huko. Mwaka huu ikaundwa kamati ya kutengeneza ile nyumba ya zamani, watu waje kuona wasioona walivyoishi. Wakamwomba Naserian awatembeze wageni siku ya kufungua. Eh, alifurahi huyo mama! Kila akinipigia simu ni hiyo hiyo: "Nitawatembeza bila fimbo, utaona." Jumamosi nilipompitia, fimbo aliiacha nyuma ya mlango makusudi. Nikamwambia tuibebe tu.

"Ya nini? Si naenda kwetu?"

Tukafika. Hema, viti vya plastiki, wageni na suti zao. Mwenyekiti wa kamati akampa kipaza sauti, naye akasema, "Haya, nifuateni." Akaingia mlangoni, akaweka mkono ukutani. Akaupitisha mbele. Akaurudisha nyuma. Akainama akatafuta safu ya watoto. Hakuna kitu. Ukuta ulipigwa plasta mwanzo hadi mwisho, ukapakwa rangi ya krimu, na juu yake wakachora picha kubwa ya mtoto aliyevaa miwani nyeusi. Historia yetu wameiandika kwenye karatasi, wakaifunika na kioo. Kioo, jamani!

Nikamwendea mwenyekiti. "Alama ziko wapi?"

"Ile mikwaruzo? Ukuta ulikuwa umechakaa, mama. Tukaurembesha."

"Mlimuuliza nani?"

"Kamati ilipitisha."

"Na kwenye hiyo kamati kuna asiyeona hata mmoja?"

Akaangalia saa yake. Wallahi nilitaka kumrukia. Fundi wa zamani, ambaye sijui kama alisoma hata darasa moja, alipima urefu wa mkono wa mtoto kabla hajashika patasi. Hawa wa leo wako na mihuri na mikutano, na hawakumpigia Naserian simu ya dakika moja.

Lakini niseme ukweli wote. Picha za ule ukuta zilitumwa kwenye simu yangu wiki tatu kabla. Niliziangalia na macho yangu haya mazima, nikajibu, "Imependeza sana." Sikukumbuka alama hata moja. Hasira nyingine basi ni yangu mwenyewe.

Naserian alikizima kipaza sauti. Wageni walikuwa wamesimama nyuma yake. Akanyoosha mkono hewani akinitafuta, kisha akaniuliza kwa sauti ndogo, "Jikoni ni wapi?"

Nikamshika mkono nikampeleka. Mama angekuwa hai angenigombeza, kama zamani. Ila safari hii mwenzangu alikuwa amepotea kweli, tena ndani ya kwao.