Jedwali la Mbegu Nne

Mama alizikwa Alhamisi. Kufikia Jumatatu wageni wote walikuwa wamerudi kwao, na nyumbani Mitaboni tukabaki wawili, mimi na baba. Mimi ni mwalimu wa hesabu katika shule ya upili kule Athi River, na mwalimu mkuu alikuwa amenipa ruhusa ya wiki mbili. Sikujua la kufanya nazo. Nilifagia ua ambao tayari nilikuwa nimeufagia. Majirani waliniambia nilie nipate nafuu. Nikawashukuru, nikaendelea kufagia.

Rafiki yangu niliyesoma naye chuo kikuu, anayekaa Mlolongo, aliniandikia siku hiyo. Hakuniuliza naendeleaje. Alinitumia swali ambalo yeye na wenzake wa mtandaoni walikuwa wanalichambua. Una vitu vichache na njia ya kuunganisha viwili upate kimoja, kama tunavyojumlisha namba. Sharti ni moja: chukua viwili vyovyote, unganisha cha pili na cha kwanza, kisha unganisha cha kwanza na jibu ulilopata, na lazima urudishiwe cha pili. Je, sharti hilo linatosha kuhakikisha kwamba ukigeuza mpangilio wa vitu viwili, jibu halibadiliki? Kama halitoshi, nijenge jedwali dogo kabisa la kuthibitisha hilo, lenye mraba mmoja kwa kila jozi.

Nilianza na vitu viwili; vilikataa upesi. Vitatu vilikula siku nzima, kwa sababu kila jedwali lililotii sharti lilikuwa halijali mpangilio. Kazi hiyo haikunifurahisha wala kunichosha. Mkono uliandika, ukafuta, ukaandika tena, hadi karatasi ikatoboka.

Jumatano asubuhi nilichora miraba kumi na sita kwa chaki kwenye sakafu ya baraza, nikachota mbegu za aina nne ghalani: maharagwe, kunde, mbaazi na mahindi. Mbegu zinahamishika bila kufuta. Baba alitoka na kikombe chake cha chai, akasimama akitazama. Tangu mazishi tulikuwa hatujazungumza zaidi ya chakula na maji.

"Huo ni mchezo?" aliuliza kwa Kikamba.

Nikamwambia ni kazi, nikamweleza lile sharti. Baba aliacha shule darasa la nne, lakini hakuniuliza lina faida gani. Alivuta kigoda akaketi, akaniomba nimweleze tena, polepole.

Tulikubaliana kwanza kwamba kila mbegu ikiunganishwa na yenyewe itoe ile ile. Kisha nikaweka maharagwe kwa kunde yatoe mbaazi. Hapo tuligundua kwamba ukijaza mraba mmoja, sharti linakujazia mingine miwili. Kunde kwa mbaazi ikawa maharagwe, mbaazi kwa maharagwe ikawa kunde. Nilipofika kwa kunde na maharagwe, mkono wangu ulitaka kuweka mbaazi tena, kwa mazoea ya siku iliyotangulia. Nikaiweka.

Baba aliigusa kwa kidole. Akasema, "Mama, mbona unairudisha hiyo, na mahindi bado hayajapata kazi?"

Huniita mama kwa sababu nimepewa jina la mama yake. Niliitoa mbaazi, nikaweka mahindi. Miraba miwili ikajaa yenyewe, kisha mingine, na hatukukwama popote. Baba alipitia kila jozi kwa kidole, akitaja mbegu kwa sauti, na kila jozi ilitii. Alifanya hivyo mara mbili.

Maharagwe kwa kunde, mbaazi. Kunde kwa maharagwe, mahindi. Mpangilio ulibadilisha jibu.

Nilipiga picha nikamtumia rafiki yangu. Alijibu kabla ya saa sita kwamba ni sahihi, na kwamba jedwali hilo wataalamu walikuwa wanalijua tangu zamani. Nilipomwambia baba, alisema kwamba sisi hatukuwa tunalijua. Nilitarajia kusikia kitu fulani moyoni, furaha au hata uchungu. Sikusikia. Niligundua tu kwamba nina njaa, mara ya kwanza tangu tupokee simu ya hospitali.

Nilipika githeri ya mahindi na maharagwe. Baba alikula sahani mbili, kisha akaniuliza kama mama alikuwa anajua kwamba kazi yangu iko hivyo. Nikamwambia sikuwahi kumweleza.

"Hata mimi hukunieleza," alisema.

Nikasema ndiyo, hata yeye sikumweleza. Akachukua jembe akaenda shambani, nami nikaosha vyombo.