Kopo la Vidonge Vilivyobaki

Pale Nyamianda, mtaa wa kando ya ziwa karibu na mpaka, mimi ndiye nilikuwa daktari wa majirani wote, bila diploma na bila aibu. Kwetu hakuna anayemaliza dozi. Ukipata nafuu siku ya pili, vidonge vinavyobaki unamwekea jirani. Kuvimaliza ni uchoyo. Vya watu wote viliishia kwenye kopo langu la maziwa ya unga, na mimi nikavijua kwa rangi.

Mdogo wangu alipokohoa wiki nzima, nilimpa vya pinki, masalio ya mke wa jirani. Kesho yake alikuwa anakimbilia pikipiki, akaanguka kama gunia la mihogo. Akazinduka mwenyewe kabla hatujamaliza kupiga kelele.

Mama hakupiga kelele. Alikaa chini, mavumbini. Miaka mingi nyuma kaka yetu, muogeleaji hodari, alizama ziwani mahali ambapo maji yanamfika mtu kifuani. Tangu siku hiyo mama hakulikanyaga ziwa, na nyumba yetu iko hatua chache tu kutoka ufukweni.

"Ziwa ilikula mutoto yangu," alisema, "sasa inafwata ule mwingine mpaka mu barabara!"

Tulivuka mpaka, sote watatu, hadi kwa daktari wa moyo Bujumbura. Alimbandika mdogo wangu nyaya kifuani, mashine ikatoa karatasi yenye vilima vidogo vidogo. Moyo wake, akasema, kila ukipiga unachelewa kujiandaa kwa pigo linalofuata. Amezaliwa nao hivyo, na jambo hili hupita katika familia, kwa hiyo ndugu wote wapimwe. Mbio au kuogelea vinaweza kuuvuruga, na dawa fulani huuchelewesha zaidi. Alikuwa amekunywa dawa gani?

"Za pinki," nilisema.

"Nani alimuandikia?"

"Minye," nilisema, nikijionyesha kwa kidole.

Alinitazama hadi nikatamani sakafu inimeze. Nusura nimuue mdogo wangu kwa ukarimu. Tukapewa orodha ya dawa za kuepuka, pamoja na kidonge cha kila siku, maisha yote. Dozi isiyobakiza kitu cha kumgawia jirani!

Mama akauliza habari za kaka. Daktari alisema hawezi kuapa, ila inawezekana sana moyo ndio ulisimama, mwili ukazama baadaye.

"Basi ziwa haikukuwa na kosa?"



Kopo nililipeleka kwa muuguzi avichome vidonge vyote. Majirani walininunia, mmoja aliniita mchoyo, na bado ananiita.

Jumamosi mama alichukua beseni la nguo bila kuaga, akashika njia ya ziwani. Nilimfuata kwa mbali. Aliingia hadi magotini, akanawa uso.

"Nilikutukana bure," aliliambia ziwa.

Nililia, sioni haya kusema. Yeye aliinama akaanza kufua, kisha akaniita bila kugeuka:

"Weye, kuya unisaidie kukamua hii shuka."