Wageni Wasiojibu Karibu

Presha ya macho ilimwachia mama mwanga mdogo tu, na katika mwanga huo wakaanza kuja wageni. Wanawake watatu, wanne, wamejitanda kanga, wanakaa mkekani ukumbini kwetu, Pangani, kimya. Daktari alituambia akili yake ni nzima: jicho likikosa cha kuona, ubongo hujitengenezea. Majirani nao walishapata jibu lao, jini. Mimi ninayefundisha falsafa chuoni ndiye niliyekuwa na jibu refu kuliko yote.

"Mama," nilimwambia kwa simu, "macho hayakudanganyi. Unachokiona unakiona kweli. Kosa linaanza pale unaposema kipo."

"Sasa mtu akisimama mlangoni kwangu, niseme hayupo?"

Hilo ndilo lililomtesa. Hakuwaogopa wale wanawake. Aliogopa kumnyima karibu mgeni wa kweli. Na ilishatokea: jirani alimletea muhogo, mama akadhani ni wale wale, akanyamaza, na yule akaondoka amenuna. Mama alilia siku nzima. Mwanamke aliyelelewa na "mgeni njoo, mwenyeji apone" kageuka wa kufukuza watu kwa kimya!

Mimi nikaendelea kuhutubia. Yeye akajitafutia dawa: akaanza kumkaribisha kila aliyemwona. "Anayejibu ni mtu," aliniambia. "Asiyejibu, karibu yangu haijapungua kitu." Nilicheka, kisha nikaona haya. Miaka yote nimefundisha watu kutilia shaka. Namna ya kuishi na shaka bila kumkosea mtu sikuwahi kuifundisha.

Likizo iliyofuata nilikwenda bila taarifa. Nilimkuta ukumbini anachambua mchele kwa vidole. Nikasimama mlangoni nisiseme neno. Nilitaka kumtazama tu, na nakiri nilitaka pia kuona atafanyaje. Ujinga wa mwalimu.

"Karibu," akasema.

Sikujibu. Alikuwa amekonda mno.

Alingoja kidogo, akarudi kwenye mchele wake. Kisha akasema taratibu, wala si kwa kulalamika: "Leo mmenijia na umbo la mwanangu. Ahsanteni. Kaa basi, wewe. Yeye huwa hakai."

Nilikaa. Nilipomshika mkono alishtuka, maana wale wengine hawakuwahi kumgusa.