Siku Niliyopanda Paani Ili Mkwe Anione

Babu yangu wa Mambrui alikuwa na punda wa kubebea maji, na punda yule akilala amesimama, macho wazi, hata wapitao wakisema, "Punda wa mzee huyu hachoki!" Namtaja kwa sababu ningejua kulala hivyo, nisingekuwa na aibu hii ambayo mpaka leo ikinijia nikila, tonge halishuki.

Miaka ya themanini nilikuwa bawabu wa usiku kwenye hoteli moja hapa Malindi. Usiku kucha macho, mchana nalala (sasa nilale lini, jamani?), lakini mtaa mzima waniita mvivu. Shemeji yangu Athmani, ndugu wa mke wangu, yeye kutwa yuko barazani na kikombe cha kahawa, hakuitwa mvivu, maana yuko macho! Maneno yakafika Gede kwa baba mkwe, naye akaleta habari kwamba Jumapili anakuja na mkewe, na akinikuta kitandani anamchukua binti yake.

Basi Jumapili nikatoka lindo, badala ya kulala nikapanda paani kuezeka makuti, na paa lenyewe halikuwa likivuja.

"Shuka ulale, baba Asha," mke wangu akaniomba. "Nitamweleza mimi."

Nikamwambia mwanamume haelezewi. Ah!

Wakaja, na Athmani nyuma yao, nikawaamkia kutoka huko juu, "Shikamoo, baba!"

"Marahaba, mwanangu! Kumbe wakusingizia!"

Wakaingia ndani kula pilau. Ningeshuka hapo, yangekwisha. Lakini upepo ulikuwa mtamu, nikasema nijinyooshe kidogo tu juu ya makuti mapya (ya zamani nimeng'oa, mapya sijayafunga), na nilipozinduka nimekaa katikati ya sinia, wali moto, kikoi changu kimenasa juu kwenye fito, na mama mkwe amejifunika uso kwa leso.

"Hata paani alala!" Athmani akapiga ukelele.

"Baba, huyu hukesha akilinda watu," mke wangu akasema.

"Na mchana?" mzee akauliza, akipangusa wali ndevuni.

Ningemjibu, lakini mtu asiye na nguo hajibishani na mkwe.

"Mchana alala, na mimi siendi popote," mke wangu akasema, akaenda kuleta ngazi akitungue kikoi.

Mzee akavaa makubadhi, akachukua bakora yake, akatoka bila kuaga, na kwangu hakukanyaga tena. Nami paani sikupanda tena: mchana nalala, mlango wazi, atakaye aje anisikie nikikoroma.