Tende Aliyokatazwa Nyanya

Nyanya yangu ndiye aliyetutafunia tende sote. Kila mtoto aliyezaliwa nyumbani kwetu Mji wa Kale aliletwa mbele yake siku za mwanzo, naye akaitafuna tende mpaka ikalainika, akaichota kwa kidole na kumpaka mtoto kwenye kaakaa. Ni suna, na ni heshima: mtoto huonjeshwa tende na mtu mwema ili naye awe mwema. Tulionjeshwa mimi, dada yangu, na binamu zangu wa Bondeni.

Na baada ya tende, kinywa chake kilibaki kuwa chetu. Halua aliimega kwa meno akatugawia. Chai aliionja kwanza, kisha akakupa kikombe kile kile. Mara moja moja mdomo ulimtoka vipele, upande wa kushoto, daima pale pale. "Homa imenitoka," alikuwa akisema, hata kama hana homa, akapaka samli na kuendelea kutubusu. Nazitamani siku zile, wallahi, mpaka naisikia harufu ya samli.

Mimi nikaenda kusoma Nairobi, nikaishia kufanya kazi maabara, kwenye mambo ya virusi. Miaka minne iliyopita dada yangu akajifungua baada ya uchungu wa siku mbili. Nikapanda basi, nikateremka Mwembe Tayari asubuhi na kufika nyumbani kwa tuktuk. Ukumbi umejaa wanawake, ubani unafuka, na nyanya yuko mkekani, tende mkononi. Hakuwa amelala tangu dada ashikwe na uchungu. Nikamwona anajikuna mdomo kwa pindo la leso.

"Nyanya, mdomo una nini?"

"Unawasha tu, mwanangu. Hamna kitu."

Kweli hapakuwa na kitu, mdomo safi. Lakini mimi nakujua kuwasha kule, na kwa hasira zangu si mtu wa kungoja. Nikampokonya tende mbele ya watu.

Shangazi akauliza kama hiyo ndiyo elimu ya Nairobi. Nyanya alinitazama kama niliyempiga kofi, akainuka, akaingia chumbani. Nikamfuata.

Nikamweleza nilivyoweza. Vile vipele si homa, ni kirusi. Kilimwingia utotoni, kikapanda kwa mshipa wa fahamu mpaka karibu na sikio, kikalala humo. Hakifi. Maagizo yake, yaani jeni zake, yamekunjwa na kufungwa kama kitambaa kilichozongwa kwenye gora: maua yapo, lakini hayaonekani. Sehemu moja tu imeachwa wazi, nayo inasaidia kuzinyamazisha nyingine. Mtu akichoka, akihuzunika, akipigwa na jua, vifungo hulegea. Jeni chache huamka, zikaziamsha zilizobaki, kirusi kikajitengeneza upya na kuteremka kwa mshipa ule ule mpaka mdomoni.

"Kule kuwasha ndiko kuteremka kwenyewe," nikamwambia. "Mtu mzima hutoka kipele, basi. Mtoto wa siku mbili kinga yake bado changa. Kinaweza kumfika ubongoni kikamuua."

"Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. Kisha akaionyesha kwa kidole ile tende mkononi mwangu. "Haya, itafune wewe. Adabu huna, lakini umesoma, si haba."

"Siwezi, nyanya. Hata mimi ninacho."

"Wewe umekitoa wapi?"

Nilijuta kusema. Akanishika shavu, akanitazama mdomo kwa muda mrefu.

"Nilikutafunia mimi," akasema. "Wewe na wenzako wote. Nami nikidhani nawapa wema."

Akalia. Nilimwambia kirusi hiki kimejaa duniani, kwamba mtu yeyote angeweza kuniambukiza, na sote tu wazima. Hakunisikia.

Alipotoka aliwaambia wale wanawake kwamba ni yeye aliyenituma niichukue tende ile, kwa kuwa mdomo wake haukuwa mzima. Shangazi akainamisha macho. Dada akanawa kwa sabuni, akaiponda tende kwa kijiko kilichochemshwa na kumpaka mwanawe mwenyewe, nyanya akisoma dua kutoka mlangoni. Asubuhi yake mdomo wa nyanya ukatoka vipele. Yule mtoto sasa anakimbia mitaani na kutukana paka.

Nyanya alifariki mwaka jana. Siku ya tatu, tukisoma hitima, mdomo wangu ukaanza kuwasha. Dawa ninayo mkobani siku zote, na nawahimiza watu waipake mapema. Sikuipaka. Nilikaa mbali na watoto, nikakiacha kirusi kitoke, kwa kuwa kilikuwa chake.