Sanduku Moja na Visanduku Vitatu

Kusoma nilijifunzia kwenye mifuko ya salfa, dawa ya mikorosho. Shule niliachia darasa la pili, marehemu baba alinihitaji shambani, na kule kwenye mikorosho yetu nyuma ya Kilwa Kivinje hakukuwa na kitabu. Kulikuwa na mifuko. Msimu mmoja nikapuliza salfa bila kitambaa puani, nikakohoa mpaka mama akanichemshia mchaichai sufuria nzima, na baba akanionyesha fuvu lililochorwa kwenye mfuko. "Maneno yakikushinda, tazama picha." Mzee yule! Alikuwa akila ugali wa muhogo wa moto mpaka anaungua ulimi, kila siku, na kesho yake tena. Lakini si hayo ninayotaka kusema. Nasema tu kwamba nimekua nikiamini picha kuliko herufi.

Sasa, nimeshahamia Lindi, nimeshazeeka, simu ikanifia. Ilikufa wakati mbaya. Binti yangu wa mwisho alikuwa ameposwa na kijana anayefanya kazi kisiwani Songo Songo, na mshenga, baba mdogo wa kijana huyo, alipenda kuandika ujumbe kuliko kupiga. Mpwa wangu wa Mitwero, ambaye kazi yake ni kompyuta, akaichomeka laini yangu kwenye mashine yake. Ujumbe ukawa unatokea kwenye dirisha jeusi lenye maandishi meupe, yeye huliita teminali. Nikawa nakwenda kwake kwa bodaboda, mgongo unauma, kama mtu anayefuata barua posta.

Siku moja nilimkuta mpwa yuko uani anatawadha. Nikavaa miwani, nikasoma mwenyewe: "Ijumaa tunaleta sanduku la bibi harusi." Na mwishoni mwa maneno hayo vimechorwa visanduku vitatu, vitupu, vimepangana vizuri.

Huku kwetu sanduku si jambo dogo. Ni kanga, viatu, manukato, vyote vya bibi harusi kutoka kwa bwana, na wanawake hulifungua mbele ya watu. Matatu! Sikumngoja mpwa amalize udhu. Nikarudi nikamwambia mke wangu, mke wangu akamwambia dada yangu, na dada yangu ukishamwambia huhitaji tena kipaza sauti.

Ijumaa mshenga akaja na sanduku moja la bluu, amelifuta vumbi kwa leso yake.

"Na wenzake wako wapi?" dada yangu akauliza. "Wamebaki botini wanatapika?"

"Wenzake gani, shangazi?"

"Masanduku, baba. Tumeambiwa matatu."

Wanawake wakacheka. Mshenga akanigeukia. "Mzee mwenzangu, mimi niliandika matatu?"

"Nimeyaona kwa macho yangu," nikasema.

Mpwa wangu, aliyekuwa akitandika mikeka, akaja mbio. "Mjomba! Yale si masanduku. Ni vipicha alivyoweka mwisho wa ujumbe. Teminali yangu haina vipicha hivyo, kila isichokijua inachora kisanduku. Wiki nzima vinanisumbua!"

"Mawaridi," mshenga akasema polepole. "Niliweka mawaridi matatu."

Hapo ndipo iliponipasa kusema nimekosea. Neno moja tu. Binti yangu alikuwa nyuma ya pazia la mlango, naviona vidole vyake vimelishika. Lakini nilikuwa nimeshaaibika mbele za watu, nimechoka na safari zile zote, nikanyamaza. Dada yangu hakunyamaza. Alikwishafungua kifuniko, ananyanyua kanga kwa vidole viwili.

"Doti nne. Kumbe hata hili moja halijajaa."

Mshenga akazichukua zile kanga, akazikunja upya moja moja, akafunga sanduku. Akavaa makubazi yake. Hakumtukana mtu. Akanipa mkono, akasema, "Haya, mzee mwenzangu," akalitia sanduku begani, akashika njia ya stendi. Mke wangu alimwita mara mbili. Hakugeuka, na hakuja tena.